Jeli ya Amka Twende

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha nyuma,
Jumapili alasiri.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. U hali gani? Shemeji hajambo? Watoto je? Yule mdogo kikohozi chake kimeisha, au bado mnamkimbiza kwa madaktari? Nimeuliza yote kwa mpigo kwa sababu ni muda mrefu hatujazungumza, na adabu ni adabu hata mtu akiwa amekasirika. Mimi nimekasirika. Nimeona nikuambie mapema ili usije ukajiuliza katikati ya barua.

Sisi huku hatujambo kiasi chetu. Mgongo unanisumbua kwa kumnyanyua Baba, lakini hilo nimeshalizoea. Kaka yetu bado anatengeneza mafriji ya watu, na anarudi nyumbani ananuka mafuta ya mashine. Wifi yupo, anacheka kila kitu kama kawaida yake. Baba yu hai, na habari zake ndizo zilizoniketisha kuandika.

Utashangaa kwa nini barua wakati simu ipo. Kwenye simu wewe unatangulia kulia. Mmoja akishalia, mwingine hana budi kubembeleza, na kwa miaka yote mbembelezaji nimekuwa mimi. Safari hii isome mpaka mwisho. Ukitaka kulia, lia huko huko, shemeji yupo.

Nianze na lile boksi lako. Lilifika salama, halikupasuka. Tulikuta vikombe vya plastiki vya kugandishia, aproni ya maua, karatasi za jelatini nyembamba zinazopitisha mwanga, na picha za jeli iliyokatwa mfano wa vipande vya machungwa. Nyuma ya picha uliandika kwamba hii ni jeli ya kokteli, kwamba huko kila mtu anaitengeneza jikoni kwake, na kwamba Baba, mtu aliyekaa nyuma ya kaunta ya baa ya hoteli ujana wake wote, ataipenda mno. Sibishi, wazo lilikuwa zuri. Nakupa haki yako kabla sijakuambia mengine.

Ila hujui boksi lilimkuta Baba katika hali gani. Wewe kwenye simu ulikuwa unamwona kichwa na mabega, nimeshamchana nywele, nimemvalisha shati la kola. Hukuuona mkanda wa suruali niliokuwa nautoboa matundu mapya kila mara. Tangu kiharusi kimpige, koo lake limesahau kazi yake. Maji yanakosea njia, yanashuka kwenye mapafu. Hospitali wakasema kila anachokunywa kiwe kizito, hata chai, hata maji yenyewe. Nikamtilia chai ule unga wao wa kuifanya nzito. Alionja kijiko kimoja, akanitazama kana kwamba nimemtukana, akafunga mdomo.

Tangu hapo kila mlo ukawa vita. Daktari alituambia waziwazi kwamba uzito ukiendelea kushuka watamtoboa tumbo, wamwekee mpira wa kulishia. Baba alikuwepo, alisikia. Aliinua mkono wake mzima, ule wa kushoto, akasema, "Hapana." Neno hilo lilimtoka safi kuliko maneno yote aliyosema tangu augue. Kwa hiyo tulijua tunapambana na nini: ama ale kwa mdomo, ama achomekwe mpira asioutaka.

Kitu pekee alichokuwa anakiomba ni Amka Twende. Nakukumbusha, maana aliye mbali husahau: ndicho kinywaji kilichowafanya wageni waulizie zamu yake kabla hawajaulizia chumba. Ndimu, chungwa, balungi, tangawizi, asali kidogo, ganda lililokwanguliwa juu, chumvi kwenye ukingo wa glasi. Wageni aliwatilia jini, ile pombe kali. Sisi alitutengenezea bila jini siku zake za mapumziko, tukiwa tumekaa juu ya ndoo zilizofunikwa, tunajifanya matajiri. Wewe ulikuwa unaagiza kwa sauti ya puani, mguu juu ya mguu. Hata sasa nikikumbuka nacheka, na leo sitaki kucheka.

Basi nikaingia jikoni. Maelezo yako yalisema nitie na juisi ya nanasi bichi, ati kwa ajili ya harufu. Nikaloweka karatasi za jelatini kwenye maji baridi. Nikakamua ndimu mpaka mikwaruzo ya vidole ikawaka moto. Nikachuja, nikapasha bila kuchemsha, nikayeyusha karatasi humo. Machungwa nikayakata nusu, nikayachimba nyama yote, nikapanga maganda kwenye trei ya mayai yasipinduke, nikamimina. Asubuhi yake nilipofungua friji ilikuwa supu. Wifi alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Nilipokupigia ukasema friji yetu ni mbovu. Kaka akasikia. Kasuku, mwambie kaka yetu lolote kuhusu sura yake, lakini usiguse friji aliyoiunda upya kwa mikono yake mwenyewe. Aliigeuza, akaifungua nyuma, akapima gesi, akapima baridi, akaifunga, akanuna mpaka jioni. Kisha akachukua ile pakiti ya jelatini akaisoma yote, hadi maandishi madogo ya chini kabisa, na huko ndiko ilikoandikwa: usitumie nanasi bichi lisilopikwa, haitaganda. Pakiti uliinunua wewe, ukaifunga wewe, ukaituma wewe. Lakini mbovu ikawa friji.

Mara ya pili nanasi nikalitupa nje, tangawizi nikaichemsha kwanza kwa tahadhari. Ikaganda. Nilipoyakata yale maganda kwa kisu kilichochovywa maji ya moto, vipande vilisimama imara, vinang'aa, na harufu ya ndimu ikajaa chumba kizima. Wifi hakucheka. Aliomba kimoja, akala, akarudi kuomba cha pili. Nilijisikia fahari, sikufichi.

Nikataka kumsubiri yule mama wa hospitali anayewafundisha wagonjwa kumeza. Sisi tunamwita Bibi Polepole, maana hilo ndilo neno lake kwa kila mtu, hata kwa mtu anayeshuka ngazi. Alikuwa aje kesho yake. Nilikuambia hivyo, kwa mdomo wangu huu. Na wewe ukanijibu, "Dada, jeli si maji bwana! Mpe sasa hivi nimwone akila, mimi kesho niko kazini."

Nikampa. Simu tuliiegemeza kwenye chupa juu ya meza, na wewe humo ndani unapiga makofi. Baba alikipokea kipande, akafumba macho, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa ule wa kaunta. Halafu akaanza kukohoa. Halafu kikohozi kikakatika, akawa anavuta hewa isiyoingia, midomo inabadilika rangi. Kaka alimwinamisha mbele akampiga mgongoni. Mimi nilimshika kichwa, naita Baba, Baba. Nilipogeuka kukutafuta, kioo cha simu kilikuwa cheusi. Ulikuwa umekata.

Nilijaribu kukutetea. Nikasema ni mtandao. Nikasema labda simu imekuponyoka. Baadaye ukampigia kaka ukamwambia hukuweza kuangalia. Mimi je, Kasuku? Nani aliniuliza kama ninaweza?

Pumzi ilimrudia, lakini Baba alipata nimonia. Tulikuwa wodini kwa zamu, kaka na wifi na mimi, tukipishana mlangoni bila kusalimiana kwa uchovu. Na hapo ndipo ulipotuma ule ujumbe. Hukunitumia mimi, ulimtumia kaka. "Mwambieni Dada asimpe Baba vitu bila kuuliza wataalamu. Ananitia wasiwasi." Kaka alinionyesha nikiwa nafua mashuka. Nilisoma, nikamrudishia simu yake, nikaendelea kufua. Baada ya siku chache shangazi akanipigia kunipa pole, kwa ile sauti anayoitumia mtu akizungumza na mshtakiwa, nikajua habari umeshaizungusha ukoo mzima. Sasa mimi ndiye niliyetaka kumuua Baba kwa jeli.

Roho iliniuma na bado inaniuma. Kosa lilikuwepo, silikatai, lakini lilikuwa letu sote wawili, na wewe umenitwika peke yangu ukasimama pembeni na kuonyesha kidole. Ulikuwepo. Ulikuwa unapiga makofi.

Bibi Polepole hakunigombeza. Baba aliporudi nyumbani aliniambia nimletee kipande cha ile jeli kilichobaki kwenye friji. Akakiweka kiganjani mwangu, akanifumba vidole, akaanza kuniuliza habari za mgongo wangu. Tukazungumza. Aliponifumbua mkono, maji yalinitiririka mpaka kwenye kiwiko. "Umeona mama," akasema, "hii ukiitazama ni ngumu, ila ikifika mdomoni ni maji. Ndiyo iliyomponza mzee." Nilitamani na wewe uwe pale umeshikilia kipande chako.

Kisha akanielekeza nitumie unga wa mwani. Huo sharti uuchemshe hasa, na ukishaganda hauyeyuki kwa joto la mdomo. Lakini ukiuacha hivyo hivyo unavunjika vipande vipande, navyo ni hatari kwa Baba, kwa hiyo ikishaganda ninaipiga mpaka inakuwa laini, nzito, inayokaa kwenye kijiko bila kumwagika. Haina sura ya zile picha zako. Haing'ai, haisimami. Ungeiona ungedhani ni rojo tu. Lakini ni ndimu, ni chungwa, ni balungi, ni tangawizi, na chumvi nimeitia humo humo kwa kuwa ukingo wa glasi haupo.

Siku ya kwanza Bibi Polepole alikaa mbele yake. Kidevu chini, mzee. Meza. Meza tena. Polepole. Baba akameza, hakukohoa. Tulisubiri sote, hata wifi alinyamaza. Baba akaniangalia akasema, "Ganda." Sikumwelewa. Akasema tena, kwa tabu, "Umekwangua mpaka nyeupe. Chungu." Unajua nilivyofurahi? Nilikuwa nimehangaika nayo tangu alfajiri, naye neno lake la kwanza ni kunikosoa, nami nikafurahi kama mjinga. Mtu wa kaunta alikuwa amerudi kazini.

Tangu hapo ikawa ndio ufunguo. Akipata vijiko vyake vya Amka Twende kwanza, mdomo unafunguka, na uji anakubali, na viazi vilivyopondwa anakubali. Mkanda nikaacha kuutoboa. Daktari akampima, akaacha kutaja mpira. Hayo yote hukuyasikia kwa sababu ulikuwa hupigi simu, na mimi nilikuwa sitaki kukupigia.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Jeli naigawa kwenye vibakuli vidogo. Siku moja Baba akanyoosha kidole kwenye kimoja akasema, "Cha Kasuku." Nikakiweka kwenye friji. Alipoamka kutoka usingizi wake wa mchana akauliza, "Amekula?" Kichwa chake siku hizi kinachanganya, mdogo wangu. Mbali na karibu kwake vimekuwa kitu kimoja. Nikamwambia Kasuku yuko mbali, hajaja. Akageuza uso ukutani, na siku hiyo hakula tena kitu.

Kesho yake akakitenga tena. Alipolala nikakila mimi, nimesimama jikoni, nikamwonyesha kibakuli kitupu. Nikamwambia, "Alikuja, ukawa umelala." Alicheka kwa ule upande wa uso unaoweza kucheka, akala uji wote. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikaendelea. Kila siku unakuja, kila siku unamkuta amelala.

Tatizo ni kwamba akaanza kuuliza ulisemaje. Nikasema umesema nzuri. Hakuridhika. Kule baa walikuwa na imani yao: mteja anayesema nzuri tu hatarudi, anayelalamika ndiye atakayerudi. Glasi ikirudishwa hawabishani naye, wanairekebisha atakavyo na wanamkumbuka siku zote. Baba akawa ananiuliza kwa wasiwasi, "Hakulalamika? Hata kidogo?" Nikamwonea huruma. Nikasema, "Amesema chumvi imepungua." Laiti ningeumwa meno siku ile nisiweze kufungua kinywa.

Alifurahi mno. Akaagiza niongeze chumvi, nikaongeza. Siku iliyofuata hakuniamini mkono wangu, akadai kijiko aongeze mwenyewe kwa ule mkono wa kushoto, na ukimzuia anapiga meza. Sasa ni chumvi tupu. Anakunja uso, anameza viwili, anaweka kijiko chini. Na asipoanza na hiyo, uji hautaki, viazi havitaki. Uzito umeanza kushuka. Juzi daktari ametaja mpira tena.

Utasema, si umwambie Kasuku amesema imezidi? Nilimwambia. Akanikazia macho. "Jana imepungua, leo imezidi? Mwite aniambie mwenyewe." Nikamwambia basi mimi nasema imezidi. Akasema, "Wewe si mteja." Kweli. Mimi ndiye ninayeosha glasi. Nikafikiria simu, lakini tangu siku ile aliyopaliwa akiona simu inaletwa usoni kwake anafumba macho na mdomo pamoja. Ukweli nao siwezi kumwambia, kwa sababu ukweli ni kwamba hujaja hata mara moja.

Najua una kazi. Najua likizo huombi leo ukapewa kesho, na nauli haiokotwi, na watoto wana shule. Uliniambia utakuja shule zikifungwa, zikafungwa zikafunguliwa. Sikuombi uje unisaidie kufua wala kunyanyua. Hayo nimeshajua ni yangu. Nakuomba ukae mbele yake akiwa macho, uonje kijiko kimoja, useme, "Baba, chumvi imezidi." Atakusikia wewe. Hiyo ndiyo kazi yako yote. Ukimaliza, kama unataka kurudi siku hiyo hiyo, rudi.

Nisalimie shemeji na mwambie simlaumu. Wabusu watoto, hasa yule wa kikohozi. Kaka anakusalimu, ingawa la friji hajalisahau. Wifi naye anakusalimu, ameniambia nisikuandikie kwa hasira, nikamwambia aandike yeye. Shangazi ukizungumza naye, mweleze na upande wako wa habari. Mungu awalinde huko, awape afya, akufungulie njia ya kuja upesi.

Baba amelala hapa karibu yangu. Kibakuli chako kiko kwenye friji, amekitenga mwenyewe kabla hajafumba macho. Cha leo sijakila, Kasuku. Sitakila tena.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo ambapo sitaki.